Mwalimu ameandika mtoto apimwe ADHD: nianze kwa nani na nibebe nini?

MamaSuleiman (Mombasa)

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Mwalimu wa Gredi ya 3 ameandika kwenye shajara ya shule kwamba kijana wangu "apelekwe kwa mwanasaikolojia akapimwe ADHD", yaani ile hali ya kukosa umakini na kutotulia. Ana miaka 8. Hamalizi kazi ya darasani, ananyanyuka ovyo, penseli na rula hazimalizi wiki. Nyumbani, kuvaa viatu tu ni nusu saa. Lakini akipewa redio mbovu aifungue hukaa nayo saa nzima katulia, ndiyo maana babake anasema huu ni ukaidi tu.

Hicho kipimo chenyewe ni cha damu, cha kichwa, au ni maswali? Nianze kwa nani, nibebe nini, na nitajuaje kwamba mtoto kaangaliwa sawasawa?

MtathminiWaWatoto

Wa alaykumu ssalaam, Mama Suleiman. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoonyesha ADHD. Ukiambiwa mtoto apigwe picha ya CT ili ADHD ionekane, usilipe kabla hujaelezwa wanatafuta nini hasa. Tathmini ni ushahidi unaokusanywa kwa watu wanaokaa na mtoto, kisha unalinganishwa na vigezo.

Vigezo vinavyotumika sana ni vya DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa 2013. Zipo dalili 9 za kukosa umakini na 9 za kutotulia na kukurupuka. Mtoto awe na angalau 6 katika kundi moja, ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, baadhi zilionekana kabla ya miaka 12, zinaonekana mahali pawili au zaidi, na zinamkwamisha kweli. Hapo pa "mahali pawili" ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Mzazi anakwenda peke yake, anaulizwa maswali kwa dakika 20, jibu linatoka, na shule haijaulizwa neno. Hiyo si tathmini.

Jambo jingine linalowapoteza watu: mtoto akikaa kimya ofisini, haina maana hana tatizo. Chumba ni kigeni, mtu mzima anamtazama yeye peke yake, na kila dakika kumi kuna kazi mpya. Mtoto mwenye ADHD kabisa anaweza kutulia hivyo kwa saa nzima. Ile redio mbovu anayoitaja babake ni hadithi hiyohiyo: inamjibu papo hapo kila anapogeuza skrubu. Haithibitishi ADHD wala haiikanushi. Kinachosema zaidi ni anavyofanya akiambiwa anakili mistari 10 kutoka ubaoni.

Basi kabla hujapanga siku, anza daftari la wiki mbili. Kila siku matukio mawili au matatu: saa ngapi, alikuwa anafanya nini, alidumu dakika ngapi, mlifanya nini, ikawaje. "Jumanne saa 11 jioni, hesabu 8, alifanya 3, akaenda kunywa maji mara 4" kina uzito kuliko "hatulii kabisa". Andika na siku alizofanya vizuri, tena vizuri sana, kwa sababu tofauti kati ya siku hizo mbili mara nyingi ndiyo inayotuonyesha njia.

Bebeni hilo daftari, kijitabu cha kliniki cha utotoni, ripoti za shule za miaka miwili, na madaftari yake halisi ya hesabu na ya lugha. Mtaulizwa ujauzito na uzazi: alizaliwa njiti? Alichelewa kulia? Aliwahi degedege au malaria iliyompoteza fahamu? Alitembea na kusema lini? Nani katika ukoo alikuwa hivi utotoni? Mahojiano haya peke yake huchukua saa moja hadi saa moja na nusu. Baadaye mtoto huonwa peke yake, hupimwa kusoma na hesabu, na kwa kawaida mnarudi siku nyingine kupewa majibu.

Unapopiga simu kuuliza bei, uliza ya kazi nzima pamoja na ripoti iliyoandikwa. Bei ya kikao kimoja haikuambii kitu. Uliza pia leseni: Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014. Mshauri nasaha anaweza kuwa mtu mzuri sana, ila kazi hii ni ya mwanasaikolojia wa tiba aliyezoea watoto, au daktari wa akili.

DaktariWaWatoto

Naongeza kipande cha kwangu. Kabla ya mwanasaikolojia, mpitishe kwa daktari wa watoto, na asitoke bila masikio na macho kupimwa kwa vifaa. Kumwita mtoto kwa nyuma akageuka hakutoshi. Majimaji nyuma ya ngoma ya sikio hupunguza usikivu wiki hii na kuachia wiki ijayo, kwa hiyo mwalimu anaona mtoto "anayesikia anapotaka". Aombewe kipimo cha milio kwa kila sikio na kipimo cha mgandamizo wa ngoma.

Muulizeni usingizi. Anakoroma? Analala kinywa wazi? Vinyama vya nyuma ya pua vikivimba mtoto hukatikakatika usingizi usiku kucha, na asubuhi mtoto asiyelala vizuri hasinzii kama mtu mzima, hurukaruka. Upungufu wa damu nao upimwe.

Kama kuna kuduwaa, mwalimu atazame kwa makini. Mtoto aliyepotea kwenye mawazo ukimgusa bega anarudi. Kwenye kifafa cha kuduwaa anakata sentensi katikati, macho yanaganda au kope zinapepesa kwa sekunde 5 hadi 20, ukimgusa hajibu, kisha anaendelea kama hakukuwa na kitu. Inaweza kumtokea mara nyingi kwa siku. Huyo ndiye wa EEG, kipimo cha umeme wa ubongo. Mpige video ya simu ikitokea, itamsaidia daktari kuliko maelezo yoyote.

MwalimuElimuMaalum

Upande wa shule, mama. Fomu ya dalili za ADHD inayotumika sana kwa miaka 6 hadi 12 ni Vanderbilt, nayo haiuzwi. Ya mzazi ina maswali 55, ya mwalimu 43. Kila dalili hupewa 0 hadi 3, na ni 2 na 3 tu zinazohesabiwa kuwa dalili ipo. Maswali 1 hadi 9 ni ya umakini, 10 hadi 18 ya kutotulia. Mwishoni kuna maswali ya maendeleo ya shule na mahusiano, alama 1 hadi 5, na lazima angalau moja liwe 4 au 5. Mtoto mwenye dalili 7 asiyekwama popote hajafikia kigezo.

Fomu ya mwalimu ijazwe na anayemjua mtoto kwa miezi kadhaa. Mwalimu mpya wa Januari hamjui bado, mtafuteni na wa mwaka jana. Jihadharini na fomu yenye 3 kuanzia juu hadi chini. Mwalimu mwenye watoto 60 aliyechoshwa na mmoja huona kila kibaya kwake. Muombe kwa heshima, ajaze siku ambayo hajagombana naye.

Yale madaftari usiyaache. Fungua la hesabu. Zile 4 za kwanza ni sahihi na mwandiko umenyooka, ya 5 alama ya kutoa imefanywa kujumlisha, ya 6 haina jibu, ya 7 na 8 hazipo: huyo uwezo anao, umakini ndio ulioisha njiani. Lakini kama zote ni makosa tangu ya kwanza, na kwenye kusoma anabahatisha neno kwa herufi ya mwanzo, chunguzeni ugumu wa kusoma au wa hesabu. Mtoto asiyeelewa kitu hatulii mbele yake. Mara nyingine yote mawili huja pamoja.

Angalieni na tarehe yake ya kuzaliwa. Akiwa ndiye mdogo kuliko wote darasani, analinganishwa na wenzake waliomzidi karibu mwaka mzima.

Kwa huduma za serikali kuna vituo vya EARC, vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, vilivyoanza 1984, na KISE, taasisi ya elimu maalum iliyoko Kasarani, Nairobi, ina kituo chake cha tathmini. Wanaangalia ujifunzaji na msaada anaouhitaji shuleni. Jina la ADHD lenyewe litolewe na mtaalamu wa tiba. Ni safari mbili, na zote mbili zinafaa.

MamaSuleiman

Allah awalipe kheri. Nimepata fomu ya mzazi, nimetafsiriwa maswali kwa Kiswahili. Mimi nimeweka 2 na 3 kwingi, babake ameweka 0 na 1. Na ustadhi wa chuoni (madrasa) anasema huko hana shida, anahifadhi vizuri. Sasa nani mkweli?

MtathminiWaWatoto

Wote, mama. Msiafikiane jibu moja, kila mmoja ajaze fomu yake na zote zipelekwe. Anayesimamia kazi za shule na kuoga huona mtoto tofauti na anayerudi saa 2 usiku. Tofauti hiyo ni habari.

Kuhusu tafsiri nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo alama zinapopotea. Kama fomu yako imeandika "mara kwa mara", ulizeni maana yake kabla ya kujaza. Kwa mmoja ni mara nyingi, kwa mwingine ni mara moja moja. Huenda wewe na mzee mnaona mtoto yuleyule mkatofautiana kwa neno hilo tu. Andikeni juu ya karatasi: 0 hakuna, 1 mara chache, 2 mara nyingi, 3 mara nyingi sana.

La pili ni "hasikii". Swali linauliza kama mtoto huonekana hasikilizi anaposemeshwa ana kwa ana, akili iko mbali. Kwetu "mtoto hasikii" ni mtoto asiyetii. Mzazi akiweka 3 kwa sababu ya ubishi, ukaidi umeingia kwenye umakini, na ukaidi una maswali yake mbele, kuanzia la 19. Jipime hivi: nikimwita, nikamshika bega, akanitazama, kisha nikamwambia vitu viwili, anafika jikoni akivikumbuka? Akivikumbuka na kukataa, hilo ni jambo jingine.

Na swali lolote lijibiwe ukilinganisha na watoto wa miaka 8. Usimlinganishe na dadake wa 12.

Ya ustadhi yaandikwe kama alivyosema, kisha muulizeni chuo kinavyokwenda. Watoto wangapi? Wanasoma kwa sauti? Anasikilizwa peke yake baada ya dakika ngapi? Chuoni mara nyingi kipande ni kifupi, mwili unayumba, sauti inatoka, na kosa linasahihishwa hapohapo. Ni mazingira yanayomshika mtoto wa namna hii. Hayafuti yanayoonekana shuleni na nyumbani, na yanatuonyesha mtoto anajifunza vipi. Mwanasaikolojia mzuri atalipenda jibu hilo.

BabaZuhura_Tanga

Samahani kuingilia. Binti yangu ana miaka 14, Kidato cha Kwanza, tangu aingie sekondari ameporomoka, anaduwaa darasani. Ni ADHD hii? Na kwa huku Tanga, Tanzania, tunaanzia wapi?

DaktariWaWatoto

Ndugu yangu, rudi kwenye kile kigezo cha kabla ya miaka 12. Tafuta ripoti za shule ya msingi. Kama darasa la 3 au la 4 walimu waliandika "hana umakini", "anasahau vifaa", basi ni swali la haki, kwa sababu wasichana wasiosumbua hupitwa miaka mingi. Kama alikuwa vizuri hadi la 7, jambo limeanza sasa, tafuta la sasa: masomo kugeuka Kiingereza ghafla, macho, usingizi, huzuni, kuonewa, au kitu alichofanyiwa ambacho hajakisema. Aonwe peke yake na mtaalamu wa kike kama atapatikana. Anzia hospitali ya wilaya, omba barua ya rufaa hadi ya mkoa yenye kitengo cha afya ya akili. Ngazi ya juu ni Muhimbili.

MamaSuleiman

Jirani ananiambia nimjaribishe dawa ya Ritalin kwanza, ikimtuliza basi ndiyo ADHD, nisipoteze pesa. Ni kweli?

DaktariWaWatoto

Hapana, mama, usifanye hivyo. Methilfenideti, ambayo ndiyo Ritalin, huongeza umakini hata kwa mtu asiye na ADHD, kwa hiyo kutulia kwake hakuthibitishi lolote. Tena ni dawa inayodhibitiwa kimataifa. Anayeiandika ni daktari. Mwanasaikolojia haandiki dawa.

Ikifika hatua hiyo, mtoto atapimwa kwanza uzito, urefu, presha na mapigo ya moyo, na mtaulizwa kama kuna aliyekufa ghafla kwa moyo katika ukoo akiwa kijana. Dozi huanza ndogo na kupanda taratibu. Kidonge cha muda mfupi hufanya kazi kama saa 4, na kinapunguza hamu ya kula, kwa hiyo mtoto ale vizuri asubuhi kabla ya kumeza. Vile vya muda mrefu havipondwi wala kutafunwa. Kwa walio chini ya miaka 6, kinachoanza ni mafunzo ya wazazi, dawa baadaye. Kama mmemnywesha kombe la dua au miti shamba, mwambieni daktari bila kuona haya. Anahitaji kujua kilicho mwilini.

MtathminiWaWatoto

Siku ya majibu, Mama Suleiman, nenda na babake. Msikubali karatasi yenye mstari mmoja "ana ADHD". Ripoti iseme ni nani waliohojiwa na tarehe, fomu zipi na alama zake kwa nyumbani na kwa shule, masikio na macho yalikutwaje, kusoma na hesabu yuko kiwango gani, ni aina ipi ya ADHD au kwa nini si ADHD, na ni nini kingine kilichofikiriwa kikaondolewa. Ushauri uwe wa kufanyika: kiti cha mbele mbali na mlango, hesabu 8 zigawanywe 4 na 4, maagizo mawili kwa mara moja, kazi ya kusimama kama kugawa vitabu kila baada ya dakika 20. Ombeni nakala mbili zenye sahihi na muhuri, moja ya shule, moja ya EARC, kwa kuwa mkija kuomba nafuu kwenye mtihani wa Gredi ya 6 mtatakiwa kuonyesha maandishi ya miaka, na shule hupoteza mafaili. Ile asili ikae kwenu, pamoja na lile daftari la wiki mbili.