Msaada: nichague shule ya msingi yenye wastani mkubwa NECTA au ya karibu na nyumbani?

MzeeWaSegerea
Wakuu habari za jioni. Januari nataka kumhamisha mtoto na nimebaki na shule mbili, zote English medium za binafsi. Nimeingia tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani, nikafungua matokeo ya darasa la saba. Ya kwanza (tuiite A) ina wastani wa 268 kati ya 300. Ya pili (B) ina 231. Ada ya A inakaribia mara mbili ya B. Mama watoto yuko upande wa A, mimi nasitasita. Karibuni.

KinyoziWaMjini
A. Mada ifungwe.

MamaNasra
Ifungwe wapi wewe. Mtoa mada hujasema mtoto yuko darasa la ngapi, wa kike au wa kiume, kutwa au bweni, mnaishi wapi. Hata ada yenyewe umeificha. Tukushauri kwa ramli?

Ticha_KandaYaZiwa
Na idadi ya watahiniwa je? Ukurasa wa shule pale NECTA una idadi ya waliofanya mtihani, una wastani, na una jedwali la wasichana na wavulana kwa madaraja A hadi E. Watu wanaruka vyote wanakimbilia wastani. Shule ya watahiniwa ishirini na shule ya watahiniwa mia huwezi kuzipima kwa jicho moja. Ile ndogo, watoto wawili wakiamka na homa siku ya mtihani, wastani umeyumba.

MzeeWaSegerea
Samahani wakuu. Wa kiume, amemaliza upimaji wa darasa la nne juzi tu, Januari anaingia la tano. Jina linajieleza, tuko Segerea. B ni kutwa, basi lao linapita hapa. A iko njia ya Kibaha, bweni tu kuanzia la tano. A walifanya 24, B walifanya 83. Ada ni siri ya familia 😂

KinyoziWaMjini
Bado A.

St_Kayumba_Alumni
Hela hiyo kanunue kiwanja Chanika. Mtihani wa darasa la saba ni uleule, wa Kayumba (shule ya kawaida ya serikali) anafanya, wa ada ya mamilioni anafanya. Ukifikisha 121 umepata C, umefaulu, form one unaenda. Mimi nimetoka Kayumba na leo nawaandikia hapa.

MamaNasra
Umetoka Kayumba ya mwaka gani? Leo kuna madarasa wanabanana hadi mwalimu hana pa kupita, na ruzuku ya serikali ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, tena sehemu yake haifiki shuleni taslimu, inakatwa hukohuko juu kwa ajili ya vitabu. Tuache utani.

St_Kayumba_Alumni
Olympio na Diamond si za serikali? Na wanafundisha kwa Kiingereza.

MamaNasra
Pata nafasi kwanza, halafu urudi hapa.

MamaWaKijichi
Ngoja niwape yangu, naona mnachezea namba. Binti yangu nilimpeleka bweni la tano, shule yenye wastani wa kutisha, mkoa sitaji. Siku ya usajili tukaonyeshwa matokeo yamewekwa kwenye fremu ukutani kama picha ya harusi. Nikalipa huku natabasamu.

Kule wanaamshwa saa kumi alfajiri wanaingia prepo, yaani kujisomea, darasani mchana kutwa, usiku prepo tena. Jumamosi jaribio, na fimbo kwa aliyeshuka chini ya alama walizopanga wao. Likizo ya Juni walibaki kambi, na kambi inalipiwa kivyake. Siku aliyorudi nikampa gazeti asome habari moja aniambie inahusu nini. Kusoma anasoma, kasi kama redio. Nikimuuliza ananitazama tu, anasubiri nimpe A, B, C, D, E achague. Sijatia chumvi.

Mwisho wa la sita tukaitwa. Hajafikisha wastani wa shule, akariri au tumhamishe kabla ya usajili wa la saba. Nikauliza, serikali si ilishakataza mambo haya? Nikajibiwa, "Mama, hatumfukuzi, tunakushauri." Ada ya muhula tuliyokwisha lipa haikurudi. Hatukuwa wazazi peke yetu siku ile, benchi la nje ya ofisi lilijaa. Matokeo ya la saba yalipotoka, shule ile waliofanya ni wachache na wastani umepaa. Wangu akamalizia shule ya serikali hapa mtaani, akapata daraja la B.

KinyoziWaMjini
Kwa hiyo shule ilikuwa sahihi, hakuwa mtoto wa daraja la A.

MamaWaKijichi
Kinyozi, una watoto?

KinyoziWaMjini
Bado.

MamaWaKijichi
Nilijua.

Ticha_KandaYaZiwa
Alichosema mama kinaonekana kwenye tovuti hiyohiyo ukijua pa kutazama. Fungua upimaji wa darasa la nne wa 2022 kwa kila shule, andika idadi ya watahiniwa. Kisha fungua la saba 2025. Ni watoto walewale. Kama kundi limepungua sana, uliza wamekwenda wapi.

Jambo la pili, ambalo naona hakuna aliyeligusa: mtoto wako ni wa mtaala mpya, ule ulioanza 2024 akiwa la tatu. Hafiki la saba. Anamaliza la sita 2027, mwaka uleule ambao wakubwa wao wa mtaala wa zamani wanamaliza la saba, na Januari 2028 makundi yote mawili yanabisha hodi form one. Kwa hiyo bwana mkubwa unalipia miaka miwili, si mitatu. Na hiyo 268 ni ya masomo sita ya zamani, kila somo alama 50. Wako anasoma Historia ya Tanzania na Maadili, Jiografia na Mazingira, Sanaa na Michezo. Nenda kaulize nani anafundisha hayo, na kama vitabu vipo.

MzeeWaSegerea
Nimekaa na simu usiku huu. A darasa la nne 2022 walikuwa 51, la saba wamefanya 24. B walikuwa 79, wamefanya 83. Mama watoto anasema huenda ada tu ndiyo iliwashinda wazazi.

Ticha_KandaYaZiwa
Inawezekana kabisa. Ndiyo maana nikasema uliza.

Mnyamwezi_Mtulivu
Namba kubwa nazo si za kuamini kwa macho. 2022 NECTA walifuta matokeo ya watahiniwa 2,194 wa darasa la saba na kufungia vituo 24 kwa udanganyifu. Walifanya vizuri kuacha kutangaza shule kumi bora.

KinyoziWaMjini
Walificha tu. Mwenye shule nzuri ananyimwa sifa yake. Na wazazi bado wanajipangia kumi bora zao kwenye magrupu ya WhatsApp.

Mvita_Damu
Huku Kenya KCPE, mtihani wa kumaliza msingi, ya mwisho ilikuwa 2023. Sasa gredi ya sita ni mtihani wa KPSEA, wabeba asilimia 20 tu ya kumpanga mtoto sekondari ya juu, mzigo mkubwa uko gredi ya tisa. Na bado jirani yangu kila matokeo yakitoka huuliza, "Nani ameongoza?" Ugonjwa ni uleule.

Mnyamwezi_Mtulivu
Mtoa mada, lengo ni nini hasa? Kama unawaza sekondari za serikali za vipaji maalumu, Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Tabora Boys, zinaangaliwa alama za mtoto mwenyewe, si wastani wa shule.

MzeeWaSegerea
Kusema kweli nataka tu aongee Kiingereza vizuri. Anakotoka walimu wenyewe wanakiogopa.

MamaNasra
Sasa si ungesema mwanzo! Nenda saa nne mapumziko, simama karibu na wanaponunua mihogo, sikiliza watoto wanaongeaje walimu wakiwa mbali. Hilo halipo NECTA.

St_Kayumba_Alumni
Na hilo basi la B linamchukua saa ngapi? Maana kuna mabasi yanazunguka Tabata yote, mtoto anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Hiyo nayo ni kambi.

MzeeWaSegerea
Saa kumi na moja na nusu. Sisi tuko mwanzo wa njia.

MamaWaKijichi
Mmh.

Dogo_Stationery
Wakuu nauza mitihani yote iliyopita ya darasa la nne na la saba na majibu yake, nakutumia kwenye simu. Njoo inboksi.

MamaNasra
Modi, mtoeni huyu. Mtaala umebadilika, anatuuzia mitihani ya kaka zao.

Dogo_Stationery
Ya mtaala mpya ninayo pia mama.

MamaNasra
Bei gani?