Kwa nini mtu hawezi kujitekenya?

Mkazi wa Newala:
Ndugu zangu, huku kwetu watu wawili hutwanga katika kinu kimoja kwa kupokezana, na ingawa kishindo cha kila pigo huwafikia wote wawili miguuni, hakuna anayelichanganya pigo lake na la mwenzake. Vilevile mtoto akitekenywa kwapani na dada yake huangua kicheko, lakini akijitekenya mwenyewe papo hapo, hasikii lolote. Ubongo unatumia kigezo gani kutofautisha tendo la mtu mwenyewe na la mwingine?

Tabibu, Mikindani:
Kigezo kimojawapo ni amri yenyewe. Ubongo unapoiamuru misuli, hubaki na nakala ya amri hiyo, wazo ambalo watafiti Erich von Holst na Horst Mittelstaedt walilieleza mwaka 1950, na kwa nakala hiyo hukadiria mguso utakaofuata. Makadirio yakilingana na hisia inayorudi, hisia hufifishwa, na ubongo mdogo ulio upande wa kisogoni unahusika sana katika kazi hiyo. Mtafiti Sarah-Jayne Blakemore na wenzake, huko London, waliwapa watu roboti ya kujigusia kiganja, kisha wakaichelewesha kwa sehemu ndogo tu ya sekunde: kadiri mguso ulivyochelewa, ndivyo mtu alivyozidi kutekenyeka, ingawa aliyeisukuma roboti ni yeye mwenyewe.

Mwalimu, Lindi mjini:
Daktari, hayo yanaeleza matendo, lakini hayatoshi kueleza mwili. Mimi nikikaa kimya bila kutoa amri yoyote, mguu wangu unabaki kuwa wangu. Mwaka 1998 watafiti Matthew Botvinick na Jonathan Cohen waliuficha mkono halisi wa mtu, wakaweka mkono wa mpira mbele yake, kisha wakaisugua yote miwili kwa brashi kwa wakati mmoja. Wengi walihisi kwamba mguso unatoka kwenye mpira. Brashi zikipishana kwa wakati, hali hiyo hufifia. Kwa hiyo macho na ngozi navyo vinatoa ushahidi wa kipi ni mwili wako.

Mkazi wa Newala:
Nashukuru sana, Daktari na Mwalimu. Je, makadirio hayo yanaweza kuharibika?

Tabibu, Mikindani:
Ndiyo. Baadhi ya wagonjwa wa skizofrenia, yaani ugonjwa wa akili unaovuruga fikra na hisia, hasa wanaosikia sauti au wanaohisi kuendeshwa na nguvu ya nje, huusikia mguso wa mkono wao wenyewe karibu sawa na wa mtu mwingine. Huku kwetu mgonjwa wa namna hiyo mara nyingi huambiwa ana majini, na hospitali hufikiriwa baadaye sana.