Asumini ni makosa ya Jasmine?

Mama Kichanga, Dodoma
Habari zenu wapendwa. Nina binti wa siku 9. Mume wangu ni mtu wa Unguja, na mama mkwe ameomba mtoto aitwe Asumini, jina la marehemu mama yake. Nimelipenda. Lakini nilipokwenda kuandikisha cheti, karani aligoma. Eti jina sahihi ni Jasmine, Asumini ni makosa ya watu wasiosoma. Nimerudi na fomu tupu. Limetoka wapi jina hili?

Mtunga Maua, Unguja
Hongera mwanangu, Mungu akukuzie. Si makosa hata kidogo. Ni jina la ua, na asili yake ni Kiajemi, yasaman. Waarabu wakasema yasmin, sisi wa pwani asumini. Na hiyo Jasmine imetoka huko huko, ikapitia Ufaransa ndipo ikafika Uingereza.

Bibi yangu alikuwa na mwasumini karibu na kisima. Jua likipinda hunituma nikachume matumba, yale meupe yaliyofumba bado, maana ua lililokwisha kuchanua halifiki usiku. Akiyanyunyizia maji kwenye sahani, akishika sindano na uzi, anayatunga moja moja kwenye kikonyo. Ikifika Isha uzi mzima umechanua, nyumba yote inanukia. Mengine akifungia vikuba, vile vishada vya kunukia, pamoja na rehani na mkadi. Na kukiwa na harusi, asumini humwagwa kitandani kwa bibi harusi. Mkweo akitamka Asumini, harufu hiyo ndiyo anayoisikia, na mamaake ndani yake. Usimwandikie jina jingine.

Mwalimu Mstaafu, Tanga
Niongeze kuhusu hiyo "u" ya Asumini. Kiarabu ni ilm, sisi tunasema elimu. Hukm, sisi hukumu. Ulimi wetu hupenda kutia irabu hapo kwenye "m", na asumini imepita njia hiyo hiyo. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na wasichana wenye jina hili nimewafundisha. Hakuna cha kusahihisha.

Baba Pacha, Mombasa
Tahadhari moja tu, dada. Dadangu ni Yasmini kwenye cheti cha kuzaliwa na Asmini kwenye cheti cha shule. Alipotaka pasipoti ilibidi ale kiapo kwa wakili kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Chagua herufi leo, uzishike kila karatasi.

Mama Kichanga
Asanteni sana. Nimeshajaza kwa herufi kubwa: ASUMINI. Kesho narudi pale na mama mkwe mwenyewe. Mtunga Maua, shikamoo. Nikija Unguja naomba mbegu nipande huku.

Mtunga Maua, Unguja
Marahaba mwanangu. Mbegu ya nini, nitakukatia tawi lenye vifundo vitatu. Lifunge kwa kitambaa kilicholowa mpaka Dodoma, kifundo kimoja kiingie udongoni. Huko kwenu kukavu, maji asubuhi na jioni.