Naomba ushauri: riwaya ya mapenzi ya Kikristo kutokana na hadithi ya Cinderella

Kalamu ya Usiku:
Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo, hasa kwa wanaoandika riwaya na wanaofuatilia historia ya Kanisa.

Naandika upya hadithi ya Cinderella kama riwaya ya mapenzi ya Kikristo. Nimeiweka Marburg, Ujerumani, mwaka 1228. Mwaka huo Elizabeth, binti wa mfalme wa Hungaria na mjane wa mtawala wa Thuringia, alianzisha pale hospitali ya maskini na kuwahudumia wagonjwa kwa mikono yake mwenyewe. Alifariki 1231 akiwa na miaka 24 tu. Na akina Grimm, Jacob na Wilhelm, ndugu wawili Wajerumani walioiandika hadithi hii, walisomea sheria mji huohuo karibu miaka 600 baadaye. Nilipolijua hilo, mahali pengine pote palinitoka akilini.

Binti wangu anaitwa Gisela. Yatima, mama wa kambo kamfanya kijakazi. Mchana anazoa majivu, usiku anatoroka kwenda kuosha wagonjwa. Huko anakutana na kijana wa ukoo wa kikabaila aliyekuwa kwenye msafara wa Ludwig, mume wa Elizabeth, aliyekufa kwa homa Otranto, Italia, mwaka 1227 wakielekea vita vya msalaba.

Nimekwama pawili. Kwanza uchawi. Nikitoa gari la boga na kiatu cha kioo, msomaji ataitambua hadithi? Nimejaribu kuweka sala: Gisela anasali usiku, asubuhi gauni limepatikana. Kila nikipasoma hapo moyo unakataa. Pili, mwisho. Kwa akina Grimm, ndege wanawatoboa macho dada wa kambo. Kwa Mfaransa Charles Perrault, aliyeichapisha 1697, binti anawasamehe na kuwaozesha kwa wakuu wa ikulu. Mimi nataka msamaha, ila Gisela asionekane kama mtu asiyeumia.

Mama Neema:
Hongera mdogo wangu, na moyo wako uusikilize. Sala ikileta gauni asubuhi, binti anayemwomba Mungu ada ya shule miaka yote bila kuipata atafunga kitabu akijiuliza yeye ana kasoro gani. Nalea vijana usharikani, swali hilo nalisikia sana.

Kumbuka kwamba kwa Perrault yule mwenye kifimbo cha uchawi ni mama wa ubatizo wa Cinderella. Kifimbo kitoe, mama wa ubatizo mbakize. Awe mwanamke mzee aliyeahidi mbele ya kanisa kumlea mtoto katika imani, kisha mama mzazi alipokufa akamwogopa yule wa kambo na kunyamaza. Sasa anakuja na gauni lake mwenyewe la harusi, limenuka sanduku, mikunjo haitoki, na kabla hajampa anamwomba radhi. Gauni umelipata, tena limekuja na toba.

Mzee wa Maktaba:
Angalia sana wakati. Mwaka 1228 Gisela hawezi kuwa na Biblia chini ya mto. Uchapaji wa Gutenberg ulikuja miaka ya 1450, na vitabu vya kuandikwa kwa mkono vilikuwa mali ya monasteri na matajiri. Mpe Baba Yetu, Salamu Maria, na vipande vya zaburi alivyovisikia vikiimbwa kwa Kilatini. Imani yake iwe ya masikio na mikono. Ukitaka binti anayesoma Injili kwa Kijerumani, ni rahisi zaidi usogee hadi baada ya 1522, Agano Jipya la Martin Luther lilipotoka. Alilitafsiri katika ngome ya Wartburg, ambamo Elizabeth naye aliwahi kuishi. Lakini mimi nakuomba usisogee.

Nakwambia hivyo kwa sababu ya kiatu. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, ulikataza ndoa za siri na kuagiza mapadri watangaze ndoa kanisani, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Matangazo haya hadi leo tunayasikia Jumapili. Basi mama wa kambo ampangie kijana binti yake wa kumzaa. Padri anasoma majina, anauliza kama kuna pingamizi. Gisela yuko nyuma kabisa, majivu hayajamtoka kwenye kucha. Hapo huhitaji kioo.

Binti Pangani:
Mzee umenena, naongeza moja. Gisela aseme mwenyewe! Kijana awe alishamwahidi ndoa, maana ahadi ya awali ilikuwa pingamizi la kweli kwa sheria ya Kanisa. Akisubiri kutafutwa nyumba kwa nyumba, tumerudi kulekule.

Na mapenzi usiyaogope. Riwaya zetu nyingi za Kikristo wachumba wanahubiriana tu. Mwache amwoshe kijana jasho la homa, mkono umtetemeke, na aondoke haraka kwa sababu ametetemeka. Msomaji ataelewa.

Kalamu ya Usiku:
Mungu awabariki. Mama wa ubatizo nimemchukua, na matangazo nayaandika leo leo. Bado mama wa kambo.

Mama Neema:
Augue, aletwe hospitalini, zamu iwe ya Gisela. Lakini mpe nafasi ya kukataa kwanza. Aweke beseni chini atoke nje, hata siku kadhaa wengine wamhudumie.

Mzee wa Maktaba:
Na unaye mtu wa kumshinikiza: Konrad wa Marburg, padri muungamishi wa Elizabeth, aliyejulikana kwa ukali wake. Amwamrishe kusamehe, Gisela agome. Arudi kwa yule mgonjwa siku nyingine, bila kuamriwa na mtu.

Kalamu ya Usiku:
Hapo nimepata sura mbili nzima. Mwenye ufahamu wa chakula na dawa za hospitali za karne ya 13 aniandikie hapa, tafadhali. Kwa sasa wagonjwa wangu wote wanakunywa uji.