MREJESHO: Banda la bati lililokuwa linadondoshea kuku maji

Wakuu nimerudi. Niliuliza kuhusu banda langu la bati, asubuhi bati linatoa jasho, matone yanadondokea kuku, maranda yanalowa na harufu ya amonia (ile gesi kali ya kinyesi cha kuku) inachoma macho.

Kilichosaidia zaidi ni kufungua juu. Wengi mlisema baridi isinifanye nizibe banda na mko sahihi kabisa, kuku wanapumua usiku kucha, ule mvuke unapanda ukikutana na bati la baridi unageuka maji, sasa kama hauna pa kutokea unarudi chini. Nimeacha uwazi chini ya paa pande zote mbili nikaweka wavu, na kileleni pia nimefungua nikafunika na kofia ya bati mvua isiingie. Uwazi uko juu ya vichwa vya kuku hata wakiwa wamelala kwenye fito, upepo hauwapigi moja kwa moja, hili jamani msilipuuze.

Vyombo vya maji nimeviinua usawa wa mgongo wa kuku, hawamwagi tena hovyo. Maranda nayafinya mkononi, yakibaki bonge natoa hiyo sehemu naweka makavu. Na harufu usiipimie mlangoni umesimama, inama mpaka chini kuku anapovutia hewa, pale ndo utajua ukweli.

Silingi (dari chini ya bati) sijaweka bado, matone yamebaki machache siku za baridi kali tu. Kuku walikuwa wanakohoa pia, sasa kumeisha. Asanteni sana kwa kweli.