DA (Domain Authority, alama ya nguvu ya saiti) ikiwa ndogo ndo hupati wateja? Naombeni ushauri kabla sijatoa hela

Mpagazi_Moshi
Habari zenu wakuu. Tuna kampuni ndogo ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, saiti yetu ina miaka 2. Juzi kaja jamaa kaniambia DA yetu ni 9 na kwa hali hiyo Google hawawezi kutuonyesha kwa watu, nimpe laki 4 aifikishe 40 ndani ya mwezi. Jirani yangu saiti yake ina 31 na wageni anapata kweli ndo maana nimeingia wasiwasi. Sasa hivi mvua, wageni hakuna, hela yenyewe ya mawazo. Hiyo namba ndo inaleta wageni au napigwa?

fundi_saiti
Mkuu usitoe hata mia. DA siyo ya Google, ni ya kampuni inaitwa Moz, wanakadiria wenyewe kuanzia 1 mpaka 100 kwa kuangalia linki zinazokuja kwako kutoka saiti nyingine, Google wameshasema hawaitumii. Ahrefs, kampuni nyingine kama Moz, nao wana yao wanaiita DR, ndo maana saiti moja huku inasoma hivi kule vile. Google walikuwa na yao ya kuonyesha watu, PageRank, 0 mpaka 10, ilikuwa inaonekana kwenye tulba, ule upau wa juu wa brauza, basi watu wakawa wanauziana linki kwa ajili ya ile namba tu mpaka 2016 wakaifuta isionekane tena. Linki bado wanaziangalia ila alama hawakupi. Huyo jamaa atakurushia linki kibao kutoka saiti za kamari, DA itapanda kweli lakini wageni hawataongezeka, na linki za kununua Google wamezikataza, tangu Penguin, mabadiliko ya Google ya 2012 ya kubana linki za ujanja, saiti nyingi zimeshushwa kwa mchezo huo.

Bi_Tanga
Naunga mkono ila tusimwambie haina maana kabisa. Huyo jirani inawezekana kakaa miaka mingi, wageni wake wakirudi kwao wanaandika safari yao na kuweka linki, hizo ndo zinampa 31 na hizo hizo zinamletea watu. Kaka, fungua Search Console, chombo cha Google cha wenye saiti, ni bure, angalia watu wanatafuta nini mpaka wanakuona.

Mpagazi_Moshi
Nimefungua dada. Peji ya njia ya Marangu imeonekana mara 2,100 kwa miezi 3, waliobonyeza 14 tu, nafasi inasema 11.

fundi_saiti
Hapo sasa ndo pa kukazana. Nafasi ya 11 mara nyingi uko peji ya pili, wengi hawafiki huko. Marangu ndo njia pekee ya kulala kwenye vibanda, weka picha zako mwenyewe za vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, andika bei na ada ya hifadhi humo humo, na kichwa cha peji kiseme hivyo. Halafu shika simu yako ujaribu kubuku kama mgeni.

Mpagazi_Moshi
Nimejaribu sasa hivi. Kwenye simu kitufe cha kutuma hakionekani kabisa, kimefichwa na picha. Mwaka mzima sijawahi kufungua saiti yetu kwa simu aisee. Kesho asubuhi namtafuta kijana aliyeitengeneza, picha za Horombo ninazo nyingi, jioni naanza kuandika hiyo ya bei. Jamaa wa laki 4 nimeshamwambia hapana.