Ripoti ya historia ya gari lililotumika: ipi inaaminika, na kwa lipi?

Zuhura_K
Wakuu, tulinganishe njia za kukagua historia ya gari kabla ya kununua lililotumika. Ninazoziona ni nne: ripoti za kulipia kama Carfax na AutoCheck; kumbukumbu za serikali kama NMVTIS ya Marekani (rejesta ya hati za umiliki) na historia ya MOT ya Uingereza (ukaguzi wa lazima wa magari); karatasi ya mnada ya Japani, anayoiandika mkaguzi wa mnada; halafu kulisoma gari lenyewe kwa mashine na kwa macho. Kila mtu husifia anayoitumia, kwa hiyo mwenye kujibu ataje pia inapitwa na nini. Muuzaji akinipa ripoti safi, usafi huo una uzito gani?

Mkaguzi
Angalia nani aliandika, na kama alilazimika kuandika. Ripoti safi maana yake hakuna aliyepeleka taarifa, basi. Gari likigongwa, mwenyewe akamlipa fundi taslimu, bima haitajua, polisi hawatajua, na hakuna ripoti itakayojua.

Carfax na AutoCheck (hii ya pili ni ya Experian) hukusanya kutoka idara za usajili, minada, bima, polisi na gereji. Vyanzo vyao vinapishana. Carfax ina mtandao mpana wa gereji, ndiyo maana utakuta humo hata siku gari lilipobadilishwa oili. AutoCheck ina nguvu upande wa minada, na hutoa alama inayolinganisha gari na mengine ya umri na aina yake. Ajali iliyotangazwa mnadani inaweza kuonekana kwenye moja na isionekane kwenye nyingine, na zote mbili zikawa zimesema kweli kwa walichopelekewa.

NMVTIS ina mambo machache lakini yana nguvu ya sheria. Ilianzishwa kwa sheria ya 1992, na tangu 2009 kampuni za bima na wauza skrepa wa Marekani wanalazimika kuripoti. Humo utakuta jimbo na tarehe ya hati ya umiliki, usomaji wa odometa (kipima umbali) hati ilipotolewa, alama mbaya zilizowekwa kwenye hati (mafuriko, skrepa n.k.), hasara kamili ya bima (bima kuona kulitengeneza gari hakulipi, ikalifuta), na kama gari liliwahi kufika kwa muuza skrepa. Matengenezo hayamo, ajali ndogo hazimo. NMVTIS ina tundu moja ambalo wengi hawalijui: bima wanabanwa kuripoti magari ya mwaka huu wa modeli na minne iliyotangulia tu. Gari la miaka minane likifutwa na bima, kampuni hailazimiki kuliandika. Utategemea muuza skrepa au jimbo lililobadilisha hati.

Jambo jingine, "hasara kamili" ni hesabu ya fedha, haipimi ukubwa wa ajali. Gari la bei kubwa linaweza kupinda fremu likatengenezwa bila alama yoyote kwenye hati, na gari kuukuu likafutwa kwa milango miwili kubonyea. Usikimbie kila lenye alama, na usilale usingizi kwa lisilo nayo.

SpanaKumi
Mkuu Mkaguzi, hayo yote ni ya magari yenye VIN (namba ya utambulisho wa gari) ya herufi na tarakimu 17. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani halina VIN ya namna hiyo. Lina namba ya chesisi: alama ya modeli, kistari, kisha namba ya mfululizo, mfano NZE121-. Ukiiingiza Carfax hupati kitu, na kutopata si dalili njema wala mbaya.

Hapo karatasi ya mnada ndiyo mwenyewe, maana mkaguzi wa mnada hana gari la kuuza. Ila watu wanasoma gredi ya juu tu (4, 4.5) wanafunga. Shuka kwenye mchoro wa gari. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni bati lililonyooshwa likabaki na mawimbi, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi ni ukubwa: A1 utaitafuta kwa tochi, A3 utaiona ukiwa mbali.

R au RA ni gari lenye historia ya kutengenezwa, na hapa ndipo wengi wanapotea. Historia hiyo huhesabiwa kikiguswa kiungo cha muundo: reli za chesisi, nguzo, sakafu, paa, sehemu inayobeba radieta. Boneti, madigadi, milango na mabampa hufungwa kwa bolti, havihesabiki. Kwa hiyo gari la gredi 4 linaweza kuwa na boneti na madigadi mawili ya XX, na karatasi haijadanganya.

Inapitwa na nini? Kwanza, inaishia siku ya mnada. Kilichotokea baada ya hapo, bandarini au barabarani, hakimo. Pili, gari ambalo halikupita mnadani halina karatasi kabisa. Tatu, karatasi ni picha, na picha inachezewa: R inageuka 4, W2 inafutika. Itafute mwenyewe kwa namba ya chesisi kwa mtu asiyehusika na mauzo, kisha uilinganishe na ya muuzaji mstari kwa mstari.

Bwana_Dizeli
Mimi niseme kuhusu kilomita, maana ndiko kunakoibiwa sana. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, inakadiria magari zaidi ya 450,000 huuzwa huko kila mwaka yakiwa na odometa ya uongo.

Kwa hili kumbukumbu ya ukaguzi wa lazima inaishinda ripoti ya kulipia. MOT ya Uingereza unaiona bure kwenye tovuti ya serikali kwa namba ya usajili tu: tarehe, maili, kilichofeli, na yale ya "angalia baadaye". Ubelgiji wamekwenda mbali zaidi. Tangu 2006 wana Car-Pass, ambapo kila fundi anayeligusa gari hupeleka usomaji wa odometa, na muuzaji hawezi kuuza gari lililotumika bila hati hiyo.

Namna ya kusoma: panga tarehe na kilomita, kisha toa mwaka kwa mwaka. 61,000, 74,000, 88,000, halafu 69,000: limerudishwa. Lakini 140,000, 15,400, 168,000 ni karani aliyeacha tarakimu moja, maana 154,000 ingekaa sawasawa katikati. Angalia pia maili na kilomita. 100,000 km ni karibu maili 62,000, na dashibodi ikibadilishwa kutoka kipimo kimoja kwenda kingine, mstari unaonekana kuanguka ilhali hakuna wizi.

Mwizi mjanja habomoi mstari. Anarudisha kidogo kabla ya kila ukaguzi, ili gari lionekane linatembea 9,000 kwa mwaka wakati linatembea 30,000. Au anafanya kazi yake mapema: Uingereza MOT ya kwanza ni gari likifika miaka mitatu (minne kwa Ireland ya Kaskazini), hivyo gari la kukodisha linaweza kurudishwa kabla halijaandikwa popote. Hapo rejesta ya serikali itakuonyesha mstari mnyoofu wa uongo.

Fundi_Waya
Mkuu Dizeli amenifungulia mlango. Odometa ya dashibodi ni chipu moja ya kumbukumbu, anayeibadilisha hana kazi kubwa. Gari hilo hilo huweza kuandika umbali kwingine pia kutegemea aina: kompyuta ya gia boksi, ya ABS (breki), na kwa baadhi ya BMW hata kwenye ufunguo. Anayerudisha kilomita mara nyingi hugusa dashibodi na kuacha mengine. Kamashine kadogo ka ELM327, kanakochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari, hakafiki huko, tafuta mashine inayoongea lugha ya mtengenezaji.

Ila hata kamashine hako kana faida. Soma "umbali tangu kodi zifutwe" (kodi ni alama za hitilafu zinazohifadhiwa na kompyuta; PID 31, yaani namba ya kuitia taarifa hiyo kwenye mashine) na "mara injini ilipopata moto tangu kodi zifutwe" (PID 30). Umbali huo unahesabu hadi 65,535 km, na ile hesabu ya moto mwisho wake ni 255. Ukikuta 52,000 km tangu kodi zifutwe na dashibodi inasema 38,000, dashibodi imeguswa au imebadilishwa. Ukikuta 12 km na vipimo vingi vya utayari (gari kujikagua lenyewe) havijakamilika, kuna taa ya injini iliyozimwa asubuhi hiyo. Tahadhari: kwenye magari mengi kuchomoa betri pia hufuta, kwa hiyo uliza kabla ya kuhukumu.

Taa ya eabegi: washa swichi bila kuwasha injini. Lazima iwake sekunde chache kisha izime yenyewe. Isipowaka kabisa, globu imetolewa. Ikizima sawia na taa ya oili, imeunganishwa waya humo ili ikudanganye.

Zuhura_K
Nashukuru wakuu. Na kama namba yenyewe imeibwa kutoka gari jingine? Ripoti itakuwa safi na ni ya gari lingine.

Mkaguzi
Ndiyo, na hapo ripoti zote zinakufa pamoja. Anza na hesabu: VIN haina I, O wala Q. Kwa magari ya Amerika Kaskazini herufi ya 9 ni ya ukaguzi, inapatikana kwa kuzidisha kila nafasi kwa uzito wake na kugawa jumla kwa 11. Hesabu hiyo inamkamata aliyebuni namba ovyo, haimkamati aliyenakili namba halali. Hata namba yenye 1 kumi na saba inapita: jumla ni 89, ukigawa kwa 11 inabaki 1.

Kwa hiyo linganisha sehemu nne: bati la chini ya kioo cha mbele, stika ya nguzo ya mlango, namba iliyogongwa kwenye chuma cha bodi, na VIN ambayo kompyuta ya injini inaitoa kwa mashine. Pitisha kidole kando ya iliyogongwa. Ukihisi weldi, mchanga wa msasa au rangi nzito kuliko jirani yake, acha. Kisha soma vifaa vilivyoandikwa kwenye ripoti, paa la kioo, aina ya gia, rangi ya kiwandani, na uviangalie kwenye gari.

SpanaKumi
Nyongeza ya kipima rangi. Rangi ya kiwandani mara nyingi ni maikroni 80 hadi 180. Paneli ikisoma 300 wakati jirani zake ni 120, imepigwa rangi upya. Ikivuka 600 kuna puti. Kipima cha sumaku pekee hakisomi boneti ya alumini, na hakuna kipima cha kawaida kinachosoma bampa la plastiki. Kwa mafuriko, vuta mkanda wa siti hadi mwisho wake utafute mstari wa tope, inua zulia karibu na kiti cha dereva, na chomoa soketi moja chini ya dashibodi uone kama pini zimeota ukijani.

Bwana_Dizeli
Na tarehe ya ripoti, jamani. Ajali huchukua wiki hadi miezi kuingia kwenye kumbukumbu. PDF ya muuzaji iliyochapwa miezi mitano iliyopita haina habari ya miezi hiyo mitano. Toa yako siku unayolipa, kwa namba uliyoisoma mwenyewe kwenye bodi, siyo aliyokutumia kwa simu.